Linawaka Tanga, linagoma Lushoto: kisa cha plagi za hita kwenye Hilux ya mboga

Gari lenyewe ni Hilux ya kabini moja, injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, silinda nne. Mwenye gari ni ami yangu, mkazi wa Makorora hapa Tanga, na kazi ya gari ni mboga. Dereva hupanda Lushoto jioni, hulala huko, na alfajiri hupakia kabichi, karoti na pilipili hoho, akashuka Soni, akatokea Mombo, akakamata barabara kuu ya Korogwe mpaka soko la Mgandini. Biashara ya mboga haina subira. Gari likichelewa kuwaka kule juu kwa saa moja, wachuuzi wa Mgandini wanakuwa wameshachukua mzigo wa mwingine, na kabichi iliyochelewa inaanza kulegea juani.

Ugonjwa ulikuwa huu. Tanga gari liliwaka kila asubuhi, ingawa kwa shida: stata inazunguka kitambo, injini inashika kwa kutetemeka, moshi mweupe unajaa uani, kisha baada ya muda mfupi inatulia na haisumbui tena kutwa nzima. Lushoto, tangu kipupwe kilipoingia, liligoma kabisa. Dereva akawa analiegesha mteremkoni ili alfajiri aliachie lishuke, atie gia, liwake kwa kusukumwa na uzito wake. Likigoma na hapo, vijana wa kupakia wanachovya kitambaa kwenye dizeli, wanakiwasha, wanakishika kwenye mdomo wa kuvutia hewa.

Mpaka naitwa, ami alikuwa ameshanunua betri mpya, stata imefunguliwa na kuwekwa kaboni mpya, filta ya dizeli imebadilishwa. Ushauri uliokuwa mezani ulikuwa kushusha pampu ya dizeli ikapimwe. Hapo ndipo aliposhtuka, kwa sababu pampu ikishafunguliwa gharama yake haina mwisho unaojulikana. "Mwanangu," aliniambia, "kabla sijaipeleka hiyo pampu, njoo uitazame injini hapa hapa nyumbani."

Nilipouliza kuhusu plagi za hita, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya injini kabla ya kuwasha, nilijibiwa kwamba hizo zimeshaondolewa kwenye washukiwa. Taa ya hita kwenye dashibodi inawaka na kuzimika kama kawaida. Plagi zilibadilishwa mwaka uliopita. Fundi mmoja alizipima kwa mita akasema nzima. Na juu ya yote, Tanga ni mji wa joto, hita za nini? Sababu hizo nne ndizo zilizomgharimu ami fedha nyingi kuliko ubovu wenyewe, na kila moja ilionekana ya kweli. Nitazichukua moja moja.

"Hapa joto, hita za nini?"

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi pwani yote, na ndiyo inayofanya plagi za hita zife bila mtu kujua.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto mkali, dizeli inarushwa ndani yake, nayo inawaka yenyewe. Injini ya 3L inaibana hewa zaidi ya mara 22. Ikiwa imeshafanya kazi, joto la mbano huo linatosha na kuzidi. Ikiwa imelala usiku kucha, chuma baridi kinainyang'anya hewa lile joto kabla dizeli haijafika. Kwa 3L hali ni ngumu zaidi, kwa sababu dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inarushwa ndani ya kichumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, na hewa huingia humo kwa kupenya kwenye njia nyembamba. Kichumba kina kuta nyingi na hewa kidogo, kwa hiyo joto linaliwa upesi. Ncha ya plagi ya hita imechomoza humo ndani, karibu na pale mnyunyizo wa nozo, kirushio cha dizeli, unapopita, na kwa sekunde chache inafika nyuzi 800 za Selsiasi na kuendelea. Dizeli ikiigusa hewa ya hapo, inashika.

Malori makubwa mengi hurusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na mengi yao hayana plagi hizi kabisa. Ndiyo maana fundi aliyekulia kwenye malori anaweza kumwambia mwenye Hilux kwamba hita ni pambo tu. Kwa injini aliyoizoea ana haki. Kwa injini yenye kichumba si kweli, hata pwani.

Tanga, usiku wa Julai joto hushuka mpaka karibu na nyuzi 20. Injini yenye plagi moja nzima kati ya nne inaweza kujikokota ikawaka kwenye joto hilo. Lushoto ipo juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na alfajiri za kipupwe joto hukaribia nyuzi 10. Kwenye mwinuko huo kanieneo ya hewa imepungua kwa kama asilimia 15, kwa hiyo pistoni inapobana, inabana hewa pungufu. Oili imekuwa nzito. Betri inatoa nguvu kidogo kwa sababu ya baridi, stata inazunguka polepole, na kila mzunguko wa polepole unaipa hewa nafasi ya kuvuja kwenye ringi na kupoa. Mambo hayo yote yanafika kwa pamoja, saa kumi na moja alfajiri, na gari lililokuwa likikohoa Tanga linanyamaza. Joto la pwani lilikuwa limeuficha ugonjwa mwaka mzima, na mlima ukaufichua.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu kile kitambaa cha moto na dada yake, etha ya kupuliza, ile ya kopo ya kulazimisha injini iwake. Moto wa kitambaa unaweza kuvutwa ukateketeza filta ya hewa na mpira wake. Etha ni hatari zaidi: ikikutana na plagi ya hita iliyokwisha kuwa nyekundu, inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na mlipuko huo unapiga pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi zinavunjika, pistoni zinapasuka. Nimeiona injini nzuri ikifunguliwa kwa sababu ya kopo moja la etha. Dereva wa ami alikuwa na kopo chini ya kiti. Nilimwomba aliache nyumbani, na nashukuru alikubali bila ubishi.

Taa ya dashibodi

Taa ya hita kwenye gari la aina hii inaongozwa na kifaa cha kuhesabu muda. Inawaka, kifaa kinahesabu, inazimika. Haijui kama plagi zimepata moto. Unaweza kuzing'oa zote nne ukaziweka kabatini na taa ikaendelea kuwaka na kuzimika kwa adabu ile ile. Hiyo sababu ya pili ilikwisha hapo.

Vipimo

Niliomba gari lisiguswe usiku kucha, maana injini iliyowashwa jioni inadanganya asubuhi. Betri ilisoma volti 12.6. Dereva alipopiga stata, haikushuka chini ya 10. Betri ni nzima, stata ni nzima.

Kisha niliweka mita kwenye ule ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi zote nne. Ufunguo ukageuzwa bila kupiga stata, mita ikasoma zaidi ya volti 12. Ami alikuwa amesimama begani kwangu. "Si umeme unafika, mwanangu?"

Umeme ulifika, na namna ulivyofika ndiyo iliyonitia shaka. Plagi moja nzima ya volti 12 inavuta ampea kama 10, na sekunde za mwanzo ikiwa baridi inavuta zaidi. Nne kwa pamoja ni ampea 40 na kuendelea. Mzigo mzito namna hiyo lazima uivute betri chini, taa za gari zififie, sindano ya volti ishuke. Hapa karibu hakuna kilichoshuka. Maana yake umeme unafika kwenye ukanda na sehemu kubwa yake haina pa kwenda.

Nikafungua nati ndogo nne, nikautoa ukanda, na hatua hii ndiyo moyo wa kisa chote. Nilichukua taa ndogo ya kupimia yenye waya mbili, moja nikaibana kwenye chanya ya betri, nyingine nikaigusisha kwenye kichwa cha kila plagi. Plagi ikiwa nzima, umeme unapita ndani yake mpaka kwenye mwili wa injini na taa inawaka. Silinda ya kwanza, mbele kwenye feni: kimya. Ya pili: kimya. Ya tatu: kimya. Ya nne, ile ya nyuma karibu na kabini: taa ikawaka. Mita ya omu ilisema hivyo hivyo. Tatu hazikuonyesha njia yoyote, moja ilisoma karibu omu 0.8, ambayo ni hali nzuri. Kwa anayetumia mita ya bei nafuu: kwanza gusisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe uone inasoma ngapi, kisha toa kiasi hicho kwenye kipimo chako, kwa sababu waya za mita zina ukinzani wake na kwenye namba ndogo hivi unapotosha.

Sasa nilielewa kwa nini yule fundi alisema zote nzima. Alipima ukanda ukiwa umefungwa. Ukanda unaziunganisha plagi zote, kwa hiyo ukigusa kichwa cha plagi iliyokufa, umeme wa mita unapita kwenye ukanda, unaingia kwenye ile moja iliyo hai, na mita inakuonyesha afya ya jirani. Ungegusa kichwa chochote kati ya vinne ungepata jibu lile lile zuri. Ndiyo maana natilia mkazo kutoa ukanda. Ni nati nne tu na zinafunguka kwa dakika chache, na bila kuzifungua kipimo hakina maana.

Picha ikakaa sawa. Silinda moja ilikuwa ikishika peke yake na kuzikokota nyingine mpaka nazo zipate moto. Moshi mweupe ulikuwa dizeli isiyoungua kutoka silinda tatu, na moshi huo ndio uliokuwa ukiitetea pampu muda wote: silinda inayotoa moshi mweupe inapata dizeli. Tena gari lililokuwa likipanda kona za Soni na mzigo bila kupoteza nguvu, likishapata moto, ni vigumu liwe na pampu mbovu ya kulizuia kuwaka. Nilimwambia ami pampu ibaki pale ilipo.

Kutoa bila kukata

Kubadilisha plagi za hita nyumbani ni kazi ya kawaida mpaka pale moja itakapokatikia ndani. Ikikatika, kipande kinabaki kwenye silinda hedi, na mara nyingi njia iliyobaki ni kushusha hedi, kununua gasketi, kupeleka karakana yenye mashine. Kazi ya nusu siku inakuwa ya wiki. Huku kwetu hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi. Upepo wa kusi unaileta mpaka Makorora na kila nati iliyo wazi inashikana. Kwa hiyo pwani inatutendea mara mbili: joto linatufanya tusizijali plagi, na chumvi inazigandisha tukija kuzikumbuka.

Jioni ya kuamkia kazi nilimwagia mashina ya plagi zote mafuta ya kulegeza kutu, nikarudia kabla ya kulala. Asubuhi tuliiwasha injini kidogo ipate uvuguvugu, si moto wa kuunguza, kisha tukaizima, tukatia mawe kwenye magurudumu, tukachomoa waya hasi wa betri. Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka: kusafisha kuzunguka plagi kabla ya kuifungua. Mchanga uliokaa kwenye kitako utadondoka ndani ya kichumba mara tu plagi itakapotoka, na mchanga kwenye silinda ni msasa. Tulisugua kwa brashi ya waya na kupuliza kwa pampu ya baiskeli, chombo ambacho Tanga hukikosi nyumba yoyote. Inafanya kazi hiyo vizuri.

Kisha soketi ndefu ya 12 na mpini mfupi. Natilia mkazo ufupi wa mpini. Plagi yenye meno ya milimita 10 huanza kuwa katika hatari ya kukatika kwenye nguvu ya Newton-mita 35 hivi. Kwa mpini wa sentimita 20, hiyo ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 18 tu, na mtu mzima anafika hapo bila kukunja uso. Ukiongeza bomba kwenye mpini umeshaamua kuikata. Njia iliyo salama ni kulegeza kidogo mpaka isogee, ukaze tena kidogo, umwagie mafuta, ulegeze zaidi ya ulipofika mwanzo, ukaze, ulegeze. Kila ukirudi, mafuta yanashuka na kutu inasagika. Mkono unakuambia: plagi inayokubali inatoa mlio mfupi na kusogea, plagi inayotaka kukatika inahisi laini, inajipinda bila kulia. Ukiusikia ulaini huo, acha.

Ya kwanza na ya pili zilitoka kwa utaratibu huo. Ya tatu ilifunguka meno yote, ikawa inazunguka bure, lakini haikupanda. Dereva alitaka kuinyanyua kwa bisibisi. Nilimzuia, kwa sababu dalili hiyo mara nyingi ina maana moja: ncha imevimba kule ndani na ni nene kuliko tundu lililoiingiza. Ukiinyanyua kwa nguvu, ncha inabaki kwenye kichumba, na kipande cha chuma humo kinaweza kupata njia mpaka juu ya pistoni. Tukaipa mafuta, tukaishika kwa koleo, tukawa tunaizungusha huku tunaivuta kwa mkono mwepesi, tunapumzika, tunaongeza mafuta. Wapo wanaopiga stata ili mbano wa injini uitupe nje. Inatoka kweli, ila inatoka kama risasi, na uani kulikuwa na watoto. Tuliendelea na koleo. Ilitoka nzima, ncha imevimba na kupasuka ubavuni.

Nilizipanga tatu mezani nikazifuta. Zote zilikuwa zimevimba nchani kwa viwango tofauti, na kwenye mwili wa kila moja palikuwa pamepigwa chapa: 6V.

Zilizobadilishwa mwaka uliopita

Hapo ndipo sababu ya mwisho ilipogeuka kuwa chanzo. Toyota imetumia mifumo tofauti ya hita kwenye injini za dizeli. Kuna ule unaotumia plagi za volti 6 zenye kupata moto kwa haraka sana, ambao una rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na kizuizi cha kupunguza umeme mara plagi zikishaiva. Kuna ule wa kawaida unaopeleka volti za betri moja kwa moja kwenye plagi za volti 12. Plagi za mifumo hiyo zinaweza kufanana sana kwa macho. Hilux ya ami ni ya mfumo wa moja kwa moja. Plagi ya volti 6 ukiipa 12, siku za mwanzo gari linawaka vizuri ajabu, kila mtu anafurahi, halafu plagi zinaanza kuvimba na kuungua moja baada ya nyingine.

Ami akakumbuka. Walipozifunga gari liliwaka "kama jipya", ndivyo alivyosema, na ndiyo maana hakuna aliyezidhania vibaya baadaye. Dereva akaongeza kipande kilichobaki: siku ile zilifungwa tatu tu. Ya nne, ya nyuma, ilikataa kufunguka na fundi akaiacha. Kwa hiyo plagi iliyoliwasha gari mwaka mzima ni ile kongwe, ya volti 12, ambayo kutu iliiokoa isibadilishwe.

Kabla ya kununua nyingine nilitaka kuhakikisha hakuna mwuaji wa pili. Rilei ikigandia, inaendelea kupeleka umeme wakati injini inafanya kazi, na plagi nzuri nazo zitakufa. Nilipima ukanda ufunguo ukiwa umezimwa: sifuri. Tukaiwasha injini baadaye ikapata moto: sifuri tena. Chaji ya altaneta ilikuwa volti 14 na kidogo, ya kawaida. Nozo tatu nilizitilia mashaka, kwa kuwa nozo inayodondosha badala ya kunyunyiza huunguza ncha ya plagi, lakini uharibifu wake huwa ni ncha kuliwa na kutoboka, na hizi zilikuwa zimevimba. Niliridhika kwamba chanzo ni volti.

Dukani hatukwenda na jina la gari. Tulikwenda na namba ya injini, plagi ya zamani mkononi, na mita mfukoni. Tulilinganisha urefu wa ncha, meno, na kitako chenye mteremko kinachoziba mbano, tukasoma volti kwenye mwili na si kwenye boksi, tukapima kila moja pale kaunta. Muuzaji hakupendezwa mwanzoni, ila plagi mpya ambazo hazina njia ya umeme zipo madukani, na kuirudisha baada ya kuifunga ni vita. Tulinunua nne.

Ubishi wa plagi ya nne

Ami alitaka ya nne itolewe. Hoja yake ilikuwa nzuri: plagi hubadilishwa kwa seti, ile ni kongwe, itafuata wenzake, na yeye hataki kurudia kazi. Kwa injini ambayo plagi zote zinafunguka ningekuwa upande wake.

Niliijaribu kwa utaratibu ule ule. Haikulia, haikusogea, na mara niliposukuma kidogo zaidi nikaupata ule ulaini mkononi. Nikaiweka soketi chini. "Ami," nilimwambia, "hii inasoma omu 0.8. Ni nzima. Nikiikata, gari hili haliendi Lushoto wiki hii wala ijayo." Alinyamaza, akaenda kuleta chai, na aliporudi bado hakukubaliana nami, lakini aliniachia uamuzi. Naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Plagi hai iliyoganda haistahili kuhatarisha silinda hedi.

Zile tatu mpya zilifungwa bila shida. Matundu tulisafisha masizi kwa kitambaa kilichopakwa grisi na kusokotwa, ili uchafu unate badala ya kudondoka. Meno tulipaka grisi ya kustahimili joto, kidogo sana, bila kugusa ncha. Kila plagi iliingizwa kwa vidole mpaka ikakaa, ndipo spana ikafuata, kwa Newton-mita 13 tu. Asiye na spana ya kupimia aelewe kwamba hiyo ni nguvu ndogo: baada ya plagi kukaa, ni mzunguko mfupi wa kifundo cha mkono. Nati za ukandani zinataka ndogo zaidi, na kichwa cha plagi mpya hukatika kwa urahisi kuliko unavyodhani.

Ukanda wenyewe ulikuwa na ukungu wa kijani na kutu. Tuliusugua kwa msasa pande zote mbili, pamoja na sehemu za kukaa nati. Kwenye ampea 40, kutu nyembamba kama karatasi inakula volti ambazo plagi inazihitaji.

Ufunguo ulipogeuzwa asubuhi iliyofuata, taa za dashibodi zilififia. Ami akaruka: "Mmeharibu nini?" Nilimwonyesha mita. Volti kwenye ukanda zilikuwa zimeshuka hadi 11 na kidogo, na kushuka huko ndiko nilikokuwa nakutafuta tangu siku ya kwanza. Plagi zilikuwa zinakula umeme. Taa ya hita ilipozimika dereva akapiga stata, injini ikashika mara moja, moshi mweupe ukatoka kidogo ukakatika.

Lushoto kulikuwa na baridi ya kweli safari iliyofuata. Dereva aliliegesha gari mahali tambarare kwa makusudi, na akanipigia simu alfajiri akiwa tayari anapakia: "Kaka, limewaka bila mtu kulisukuma." Tangu hapo limewaka hivyo msimu wote.

Plagi ya nne bado ipo pale pale. Kila oili inapobadilishwa, dereva anaimwagia mafuta ya kutu kwenye shina, kwa matumaini kwamba siku moja itakubali. Ya akiba, ile ya nne tuliyonunua, ipo kwenye boksi lake nyuma ya kiti, palipokuwa na kopo la etha. Mwezi wa Mei, kabla ya kipupwe, tutatoa ukanda na kupima zote nne tena. Ikiwa kongwe itakuwa imekufa na bado imeganda, tatu nzima zitaendelea kuliwasha gari mpaka siku hedi itakaposhushwa kwa sababu nyingine, na hapo itatolewa juu ya meza. Ami bado anasema tungeitoa siku ile ile.